Kondoo wa Milcah na Gauni la Maua ya Kijani

Jumatatu, 6 Mei 1957

Kondoo wa Milcah amezaa pacha leo alfajiri. Dume na jike. Yule dume, mama amemramba na kumnyonyesha. Yule jike, amempiga kichwa mpaka mtoto akagonga ukuta wa zizi. Mama gani huyu! Enzi za marehemu mke wangu asingethubutu. Milcah alikuwa akimshika shingoni na kumwambia pole pole mama, na mambo yakaisha.

Mchana akafika shemeji Chepkosgei, dada yake Milcah. Ndiye aliyetupatia kondoo huyu siku ya arusi yetu. Akamtazama yule jike anavyotetemeka ndani ya gunia. Akasema, shemeji, wewe ni mtu wa kalamu. Jumapili nikitoka kanisani nitapita hapa. Nikikuta huyu hanyonyi kwa mama yake, nawachukua wote watatu, wakakae kwetu na watu wanaojua kondoo.

Wote watatu! Hao ndio waliobaki wa mkono wa Milcah. Wale wanne wengine ni wa kununua tu, hata majina hawana. Nikamwambia aje bila kamba. Hataihitaji.

Mtoto nimempa maziwa kwa chupa. Siku sita zinatosha kabisa. Mimi ni karani wa maziwa katika shamba hili la Molo mwaka wa kumi na moja sasa. Kondoo mmoja atanishinda?

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: chumvi. Kondoo hupenda chumvi. Mtoto akiwa na chumvi, mama atamramba. Akimramba, atampenda. Nani mwingine angefikiria hivyo?

Nikampaka paketi nzima. Mama akaja. Akaramba masikio, mgongo, mkia. Nikavua kofia kwa furaha. Chumvi ilipoisha, akarudi nyuma hatua mbili, akampiga kichwa. Kisha wale wanne wakaja kutafuta mabaki. Nimemwokoa mtoto amelowa mate mwili mzima.

Kipkorir, mkuu wa wachungaji wa bwana mkubwa, alikuwa ameegemea ua akitazama. Akasema, Karani, kondoo hasomi vitabu. Nikamwambia hata yeye hasomi. Akacheka. Ana kondoo mia nane wa kuchunga na mbwa mmoja, basi anadhani amemaliza dunia.

Nimekula kabeji bila chumvi.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili. Mama humjua mtoto kwa harufu. Watoto wote wawili wakinuka sawasawa, atawabagua vipi? Nikawapaka mafuta ya taa. Kidogo tu, mgongoni.

Mama amewanusa. Amewapiga kichwa wote wawili.

Jana nilikuwa na yatima mmoja. Leo ninao wawili! Nimemwosha dume kwa sabuni mara tatu. Jioni mama akamkubali tena, huku akinitazama mimi vibaya. Jike bado. Kipkorir amepita akasema nisiwashe kiberiti.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua tangu asubuhi. Ukungu mpaka mlangoni. Jike ameanza kukataa chupa. Tumbo limeingia ndani, naweza kuhesabu mbavu. Sikuipenda siku ya leo.

Nimemlaza karibu na moto. Milcah aliwalaza hivyo, kichwa juu ya kiatu chake. Nikaweka changu. Mtoto akageuza uso.

Hapo ndipo akili ilipofunguka! Huyu mama hakukataa mtoto hata mara moja Milcah akiwa karibu. Kwa hiyo shida si mtoto. Shida ni mimi! Nimefungua sanduku la bati. Gauni la maua ya kijani lipo, na kitambaa cha kichwa. Sikuwahi kuvifua. Bado vinanuka moshi, na yeye.

Kesho kondoo ataona mambo.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Nimevaa gauni. Limebana mabegani. Kitambaa nimefunga vizuri, nilimwona akifunga miaka mingi. Nikaingia zizini na mtoto mikononi, nikasema pole pole mama kwa sauti nyembamba. Kondoo akaacha kutafuna.

Wakati huohuo Kipkorir akatokea uani na mbwa wake. Akavua kofia. Akasema, hujambo mama, Karani yuko? Nikamwambia aende zake. Akasema ameleta mbwa kusaidia. Sikuomba msaada! Mbwa akapenya chini ya ua, akamwendea mtoto moja kwa moja.

Lo! Mama akapiga mguu chini. Akamsukuma mtoto nyuma yake, akamrukia mbwa, akamtupa kwenye matope. Kisha akasimama pale akihema, miguu imetanuka. Mtoto akapita chini ya tumbo, akapata chuchu. Mama hakusogea. Mkia wa mtoto ukaanza kucheza.

Nililia kidogo. Kitambaa kilisaidia.

Kipkorir akasema kila mchungaji anajua jambo hili: kondoo akikataa mtoto, mwonyeshe mbwa. Amelifanya mara nyingi. Masikini! Mtu mwenye wivu hakosi maneno. Gauni limefanya kazi mbele ya macho yake, naye anasifu mbwa wake.

Jumamosi, 11 Mei

Mtoto ananyonya kama kawaida. Hata hivyo nimevaa gauni tena, kuhakikisha. Nikapika chai nikiwa nimelivaa. Mfukoni nimekuta punje tatu za mahindi, za kuku wake. Nimezirudisha palepale.

Jumapili, 12 Mei

Chepkosgei amekuja. Akapapasa tumbo la mtoto. Akasema limejaa, basi wakae. Kipkorir alikuwa amekwisha kumwambia habari za mbwa mlangoni mwa kanisa, na za gauni pia. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza ni gauni gani. Nikamwambia la maua ya kijani. Akainuka. Akasema, nililishona mimi. Litunze, shemeji. Lakini ni mbwa.

Hata yeye! Nimemsamehe.

Jirani yetu Namalwa ameumia mkono, na mbuzi wake hataki kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Nikamweleza kwa upole kwamba dawa ninayo, aniazime gauni moja tu la kwake. Akaniambia nisithubutu kusogea kwake.

Hajui linalomfaa. Lile gauni lake la bluu limeanikwa uani kwake tangu mchana, na limekwisha kukauka. Kesho asubuhi nitalipitia, atanishukuru baadaye.