Mektrida Amepungukiwa Damu

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Leo nimetangaza vita. Adui: ugonjwa wa damu. Jirani yetu hapa Kibosho, Mektrida, mama yake Basili, amekuwa mweupe viganja mpaka chini ya kucha. Mjane. Watoto watatu. Kishamba cha migomba unachokimaliza kwa hatua hamsini. Daktari wa mjini amesema mwili wake umesahau kutengeneza damu. Ale maini kwa wingi, na kabla mwezi haujaisha awe Nairobi kwa sindano. Bila sindano, Noeli ya mwaka huu watoto wataisali peke yao.

Nauli, sindano na malazi: shilingi mia mbili. Hana. Mimi pia sina. Lakini nina kalamu!

Mke wangu Theopista akauliza kalamu yangu imewahi kumnunulia nani chumvi. Nimemwandikia mhariri wa gazeti barua arobaini, na mbili zimechapishwa. Hilo ni jibu tosha.

Jumanne, 4 Agosti

Tangazo la mchango tayari. Kurasa sita! Nimewachapa wanunuzi wa kahawa, wakubwa wa reli, matajiri wenye mikono mifupi, na katekista aliyeninyang'anya zamu ya kusoma somo. Mektrida anatokea ukurasa wa tano.

Nikamsomea Theopista. Akasinzia ukurasa wa pili. Alipozinduka akasema watu wa sokoni wana haraka, niandike maneno machache. Machache! Nikapandwa na hasira. Nikakata, nikakata, nikakata, ili ajue machache ni nini. Yakabaki manne:

MEKTRIDA AMEPUNGUKIWA DAMU. LETENI.

Chini nikaweka "kwa Mwalimu Primus", maana vita bila jemadari ni fujo. Nimelitazama tena. Zuri ajabu. Nimenakili mara ishirini kwa wino mwekundu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimebandika kila mahali, kuanzia soko letu mpaka Moshi mjini. Huko nimegundua nina mpinzani. Seleman Sadallah, fundi cherehani wa Pasua, naye anamchangia Mektrida! Eti amenunua ndizi zake miaka minane. Ameweka kopo kando ya cherehani, na kila anayekuja kuchukua kanzu yake anaombwa kwa upole.

Kwa upole! Nikamwambia upole ndio ulioifikisha nchi hii hapa ilipo. Akanikaribisha kahawa. Nikakataa. Akamimina. Nikanywa vikombe vitatu.

Alhamisi, 6 Agosti

Balaa! Seleman amepanda mlima kwa miguu, vumbi mpaka kofiani. Salamu hakuna. Akauliza tangu lini nimeingia kazi ya mumiani.

Mji mzima umetaharuki. Wameona maandishi mekundu, wameamua kuna mwalimu huku mlimani anayekusanya damu za watu akauze. Akina mama wamewafungia watoto ndani. Kopo la Seleman halisogelewi. Mteja mmoja ameacha suruali nusu imeshonwa, akakimbia.

Nikamwambia hiyo ndiyo hasara ya watu wasiojua kusoma. "Wangekuwa hawajui tungepona," akasema. "Shida wamesoma, Mwalimu."

Jioni Mektrida ameanguka mferejini akichota maji. Wanawake wanne wamembeba. Amekuwa mwepesi, walisema, hata wawili wangetosha. Leo sikumwandikia mhariri.

Ijumaa, 7 Agosti

Alfajiri, kelele uani. Nikadhani Theopista. Kumbe mbuzi! Nyuma ya mbuzi, kamba. Nyuma ya kamba, mzee Eliufoo, katembea kutoka kijiji cha tatu. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, nimetangaza Mektrida kapungukiwa damu, basi damu ndiyo hii, bado inatembea.

Nikamweleza nilimaanisha shilingi. Akanitazama kama mtu aliyevaa kofia mguuni. Akauliza tangu lini shilingi ikaitwa damu. Marehemu mkewe kila alipojifungua alipewa mlaso, damu mbichi na maziwa, na siku ya tatu alikuwa shambani akimgombeza. Halafu shilingi nani anayo kabla kahawa haijalipwa? Mbuzi je? Mbuzi wapo!

Kufikia saa nne uani kuna mbuzi tisa, na vibuyu viwili vya mlaso uliokwisha kukorogwa. Mbuzi mmoja amekula zile kurasa zangu sita. Theopista akampa maji ya kushushia.

Nilitaka kuwarudisha wote, kila mmoja na barua ya karipio shingoni. Theopista akanipokonya kalamu. Akaswaga mbuzi yeye mwenyewe mpaka Pasua, kwa Seleman, wauzwe.

Jumamosi, 8 Agosti

Mambo yamenyooka. Jana baada ya sala ya Ijumaa Seleman aliwaeleza watu habari ya tangazo. Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Kisha, kwa aibu ya kukimbia kopo, kila mtu akataka kununua nyama. Mbuzi wamechinjwa leo Kiislamu, ili mji wote ule bila wasiwasi. Saa sita mchana hakikubaki hata kwato. Mzee Eliufoo alipoona damu inamwagwa chini ilibidi ashikwe mikono.

Maini tisa amepelekewa Mektrida. Shilingi mia mbili zimetimia, na za chakula cha watoto juu yake. Kesho anasafiri.

Seleman akasema Mungu ana njia zake. Nikamsahihisha: tangazo ndilo lenye njia.

Jumatano, 2 Septemba

Mektrida amerudi! Sindano zimeitika. Viganja vina rangi. Kutoka barabarani amepanda kwa miguu yake, akasimama mara moja tu, kumfokea aliyekata mkungu wake ungali mchanga. Atachomwa sindano kila mwezi, hapa hapa Moshi. Tumekula ndizi kwa nyama, na Seleman akaletewa sahani ya pili bila kuomba.

Mektrida akanishukuru mbele ya wote. Kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, kaka yangu, naomba kitu kimoja. Usiniandike tena." Nikaapa. Na mimi nikiapa nimeapa: yeye simwandiki.

Nimeandika habari za shule. Watoto wa darasa la pili wanakaa sakafuni, na fundi anadai fedha za mbao. Kuandika "madawati"? Neno la karani, halina moto. Mahali pa kulala ni malalo, basi mahali pa kukalia ni makalio. Lugha haidanganyi! Wino mwekundu, nakala hamsini:

SHULE YETU HAINA MAKALIO. LETENI YENU.

Theopista amelisoma mara mbili, akatoka nje ameziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Ameguswa.