Mbawakawa Kwenye Tangi la Shangazi Batula

Jumanne, 15 Aprili 2025
Mpango umenijia nikinywa chai. Tangi la Shangazi Batula limejaa viluwiluwi vya mbu, na wiki ijayo binti yake Ikra anaolewa. Mawira, mwenye duka la dawa, ameshajipendekeza kulitia dawa. Shangazi anasita, maji hayo ndiyo ya pilau. Nimemwambia aniachie mimi. Amekubali, shingo upande.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeenda Gotu, nje ya mji, kwenye madimbwi ya mvua. Nimepata mbawakawa wa majini. Weusi, wadogo kuliko harage. Wanapiga mbizi na hewa waliyoificha chini ya mabawa. Ikiisha wanapanda, wanatoa matako nje ya maji, wanarudi kuwinda viluwiluwi. Nimebeba na watoto wao, wenye taya kama mundu. Wote debe moja. Waishi kama jamaa.

Ijumaa, 18 Aprili
Si jamaa. Watoto wamefyonzana. Amebaki mmoja, mnene. Ameniuma kidole. Msikitini wameniuliza kuhusu kitambaa nilichofunga kidole. Nimesema nimebanwa na mlango. Jioni nimewamimina wakubwa tangini.

Alhamisi, 24 Aprili
Ushindi! Hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Shangazi amechota maji, akayainua juani, akasema mbele ya Mawira kwamba kumbe kichwa changu kina kitu. Mawira ameuliza wadudu watakula nini sasa. Wivu tu.

Jumamosi, 26 Aprili
Harusi. Mbawakawa mwenye njaa, kumbe, huhama kwa mabawa. Wakati wa magharibi gari la bwana harusi limeingia, jeusi, limepigwa polishi hadi linang'aa kama maji. Wadudu wametoka tangini kwa mkupuo, wakalidhani dimbwi. Wamepiga mbizi kwenye boneti. Tak, tak, tak. Ikra amekataa kupanda. Bwana harusi amesimama na mlango wazi, jasho linamtoka.

Shangazi amenikuta nyuma ya sufuria.

"Hawa wageni, Dualeh, nani aliwaalika?"

Nimesema pengine Mawira.

Mawira ndiye aliyewafagia kwa kilemba chake cha kuazima, akampandisha Ikra garini. Amekalishwa pamoja na wazee. Mimi nimekula nimesimama.

Jumapili, 27 Aprili
Shangazi hapokei simu. Nimetafakari kwa utulivu. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni mabawa. Leo nimeenda mtoni, nimerudi na ndoo ya vyura. Wametulia vizuri. Ndoo haina kifuniko, lakini haidhuru. Chura haruki.