Mtani Aliyeshukuru

Jumatatu, 12 Mei 2025
Makoko, Musoma. Zege tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mwalimu Dorah, wa chuo tunachokijengea ukuta, katuita vibarua wote. Wanafunzi wake wanasomea ulinzi wa kompyuta, tena kwa kucheza gemu. Gemu! Sisi tunabeba mchanga. Kila kibarua kapewa neno la siri. Wanafunzi watatulaghai, wakilipata, mlango unafunguka kwenye gemu yao. Msimamizi wetu, Nyamhanga, kasema atakayelificha neno lake hadi Ijumaa anahamia stoo. Stoo ina kivuli na kiti. Kile kiti ni changu.

Jumanne, 13 Mei
Wenzetu wote wameshatoboa siri. Nimebaki mimi na Baltazar, mnafiki wa Butiama. Nimemfuata mwanafunzi mmoja, Recho, pembeni. Nikamwambia ampigie Baltazar, amsifie ng'ombe wake, atalegea. Kacheka. Kauliza, na wewe anko, kwenu wapi? Nikamjibu Peramiho, mimi Mngoni, hanipandishi hasira mtu isipokuwa watani zangu Wahehe.

Alhamisi, 15 Mei
Nina hasira. Jana kanipigia mwanamume, kajiita Mhehe wa Iringa. Tangu nije huku sijatukanwa na mtani. Raha iliyoje. Kasema babu zetu walikimbia wakaacha sufuria motoni. Nikamrudishia. Kasema Mngoni hapewi siri ya maana, neno langu lazima ni la kitoto. Mtani aniambie hivyo ninyamaze? Nikamtajia: Kifaru Tisa. Hilo ni la kitoto? Akashukuru, akakata.

Mhehe gani anashukuru?

Leo naambiwa ni Isaya, anasoma na Recho, mzaliwa wa Nyasura kule Bunda. Iringa hajawahi kufika. Nyamhanga kaniambia, ndugu yangu, wewe unaongeaga sana. Na Baltazar? Kasifiwa ng'ombe, kajibu hana ng'ombe, kakata simu. Mshenzi.

Jumamosi, 17 Mei
Baltazar kakaa kwenye kiti changu siku moja tu. Mwalimu Dorah anataka raundi ya pili, maneno mapya, na Nyamhanga kakubali kiti kigombewe upya. Safari hii hanipati mtu.

Jioni kanipigia simu Mhehe wa kweli. Mzee, anaishi Bunda, kasikia kuna kijana kachafua jina la Wahehe. Kakasirika kuliko mimi. Tumetukanana vizuri sana. Huyu hakushukuru hata kidogo. Nimempa neno langu jipya anitunzie, wale watoto wasije wakalipata.