Wakati Umefika, kwa Kiingereza

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mama wa Lusaka katua Kariakoo. Anatafuta mtu mmoja wa kumshonea mapazia ya hoteli nzima, vyumba sitini. Yupo wiki hii tu, Ijumaa anaamua. Kapita dukani kwangu, kashika kitambaa, kaguna kwa kuridhika. Kisha kavuka kwenda kwa Samir. Tunauza mapazia yaleyale, ila Samir Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mimi nina "good morning" na "last price".

Nikipata kazi hii nahama huku nyuma karibu na ngazi, nakaa mbele, barabarani. Nimeshamwahidi mke wangu, Candida. Nimemwahidi mara tatu.

Jioni nikapanda ghorofa ya pili kwa Badriya, mwalimu wa Kiingereza. Nikamweleza sihitaji Kiingereza chote. Biashara ni kujua saa ya kufunga dili. Anipe tu maneno ya kumwambia mtu kwamba wakati umefika. Akaandika kadhaa ubaoni. Alipoanza kueleza kila moja linatumika wapi, nilikuwa nimeshanakili kwenye daftari. Nikaaga.

Jumanne, 17 Juni
Mama wa Lusaka aliahidi saa tatu. Kafika saa tano, alikwama kwenye foleni ya magari Magogoni. Nilikuwa mlangoni na sentensi yangu ya kwanza: "It's about time!" Kwa hesabu yangu, "about" ni kuhusu na "time" ni wakati. Yaani mama, wewe ni mtu wa kuzingatia wakati. Akatazama saa yake. Akaomba radhi mara mbili. Nikafurahi: mteja anayeomba radhi habishani na bei.

Dakika tano baadaye alikuwa kwa Samir.

Badriya ananiambia nimemkaripia mgeni, kama vile nimesema, "Afadhali umefika, tumechoka kukungoja." Kumbe. Lakini si kweli alichelewa?

Jumatano, 18 Juni
Mpango mpya: chakula. Nikaagiza mtori, supu ya ndizi, wa nyama hasa, kama wa kwetu Machame. Mama wa Lusaka alipotoka kwa Samir, hoi, nikamzuia: "It's high time you ate." "High" ni juu, kwa hiyo niliona ni lugha ya heshima, wakati mtukufu wa kula. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ni kweli, hajala tangu alfajiri. Akamaliza bakuli mbili na kukaa kwangu saa nzima.

Badriya akapita. Akaninong'oneza kwamba hayo nayo ni maneno ya lawama, maana yake alitakiwa awe ameshakula zamani. Nikamwonyesha bakuli tupu. Samir alikuwa anachungulia. Siku njema sana.

Alhamisi, 19 Juni
Sijui nianzie wapi.

Leo mama wa Lusaka alikuja na mama yake, bibi wa miaka themanini na mbili, anatembelea fimbo. Kumbe hoteli ni ya bibi, na rangi anachagua yeye. Alianza kwa Samir. Ilipofika zamu yangu nikavuta kiti, nikainama, nikamkaribisha kwa mikono miwili: "Grandmother, your time has come."

Nilimaanisha zamu yako imefika.

Fimbo ikaanguka. Bibi akaanza kusali. Binti yake akamshika mkono, wakatoka bila kunitazama. Samir akawakimbizia maji. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Badriya akashuka kunieleza kwamba maneno yale mtu humwambia anayekata roho.

Candida akasema nisipokwenda kuomba msamaha leo, nisirudi nyumbani. Nikamfuata Badriya hadi nyumba ya wageni walikofikia, karibu na Mnazi Mmoja. Nikapiga magoti, nikaeleza yote kwa Kiswahili, mpaka habari za daftari. Badriya akatafsiri. Bibi akasema neno, na Badriya akanigeukia.

"Anasema madaktari watatu wameshamwambia hivyohivyo. Wote amewazika."

Akanipa biskuti. Nikala huku machozi yananitoka.

Ijumaa, 20 Juni
Hoteli kapewa Samir. Vyumba vyote sitini. Kwangu bibi kaagiza pazia moja, la chumbani kwake, kijani. Nikampa Samir mkono wa pongezi. Akasema kazi ikimzidi ataniita.

Badriya amenisihi nianze darasa upya, miezi mitatu, na safari hii nimsikilize mpaka mwisho. Candida kasema atanisindikiza mwenyewe. Nimekubali.

Jumamosi, 21 Juni
Nimetafakari. Kiingereza changu hakina kosa. Wageni wale hawakukizoea tu.

Jovin, muuza viatu wa Ilala, anafungua duka jipya. Kaja kuniomba maneno ya bango, maana kanisikia wiki nzima nikiongea na mama wa Lusaka. Nikampa yale niliyokuwa nimeyabakiza. "Time" ni wakati, "up" ni juu: wakati wako umepanda. Candida akasema shuleni kwao msimamizi aliyatamka hayo akikusanya karatasi za mtihani. Nikamwambia shule ni shule, biashara ni biashara.

Bango limetundikwa mchana huu, mita nne, herufi nyekundu: JOVIN SHOES – TIME'S UP! Watu wanasimama kulisoma. Mmoja akamuuliza Jovin mbona anafunga duka kabla hajafungua. Nikamjibu mimi kwamba Kiingereza cha biashara kina madaraja, na yeye bado yuko la chini.

Wanne wameshajiandikisha kwenye darasa langu jipya la Kiingereza.