Krimu kwa Viti Vyeusi

Jumamosi, 8 Novemba
Dada Binti, mkubwa wetu sote, ametangaza. Watu wa mchumba wa Khadija watakuja kuposa Ijumaa, baada ya swala. Khadija ni binti wa marehemu kaka yetu. Mwanamume mkubwa wa ukoo sasa ni mimi, Moussa. Wageni wapokelewe wapi? Kwangu, bila shaka! Dada Binti akasema ngoja kwanza. Mdogo wangu Zakaria ana viti vya wenge, vyeusi, vya heshima. Vyangu ni vya limba, mbao nyeupe kama mkate. Dada atapita Alhamisi kuamua. Zakaria alitabasamu. Kuta za nyumba yake ni saruji tupu, na bado anatabasamu.

Jumapili, 9 Novemba
Nimepata wazo. Wenge ni nini? Mbao nyeusi. Basi! Nimekwenda kwa Jephté, fundi wa pikipiki, kuomba kidumu cha vidange, yale mafuta meusi anayotoa kwenye injini. Watu hupaka nguzo kuzuia mchwa. Hakuna aliyewahi kufikiria saloni, chumba cha wageni. Jephté akaongeza ushauri ambao sikuuomba: "Papa Moussa, hii mafuta haiwezi kukauka mbio. Inaomba miezi mbili, minimum." Nina siku tano. Nimepaka viti vyote sita. Wenge kamili. Mke wangu Djamila ameuliza kwa nini nyumba inanuka gereji. Nimemwambia hiyo ni harufu ya mbao za thamani.

Jumatatu, 10 Novemba
Tatizo. Kuta zangu ni za buluu iliyopauka, na viti vyeusi vimeifanya saloni kuwa ghala. Mama Alphonsine, muuza rangi sokoni, ameniambia mbao nyeusi hununa karibu na buluu. Zinataka rangi yenye joto: krimu, au kijani cha jani changa. Kijivu hapana, wageni watadhani wamekuja kulipa kodi. Djamila akachagua kijani papo hapo. Ingekuwa kijani, sifa zingekuwa zake. Nimenunua krimu.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepaka kuta. Nzuri mno! Ila krimu imeng'aa hadi viti vikaonekana vya kahawia tu. Nikaongeza vidange. Viti vikawa vyeusi hadi krimu ikaonekana nyeupe ya hospitali. Nikatia njano kidogo kwenye ndoo, nikapaka upya. Viti vikapauka tena. Vidange. Ndivyo nilivyoshinda kutwa. Nje mvua haijakatika. Djamila ameuliza akae wapi. Nimemwambia asikae hadi Ijumaa.

Alhamisi, 13 Novemba
Ushindi! Nilimsimamisha Dada Binti mlangoni, nikamshika kiwiko asiingie, eti saloni hutazamwa kwa mbali. Akatazama. Akasema hata viti vya Zakaria havina weusi ule. Wageni ni kwangu! Zakaria aliingia, akainama, akanusa kiti. Akaniuliza mimi kaka yake: "Yaya, hii wenge inakunywaka litre ngapi?" Wivu mtupu.

Ijumaa, 14 Novemba
Wazee sita, moja kwa moja kutoka msikitini. Kanzu nyeupe, zimepigwa pasi vizuri. Viti sita. Nikawaketisha mwenyewe, mmoja mmoja. Baba wa mchumba akaisifu krimu. Niliona raha ambayo sijaiona miaka mingi.

Kisha akasimama kunipa mkono. Kiti kikainuka naye kidogo, kikamwachia. Mgongoni mistari minne myeusi, na chini yake duara. Wenzake wakasimama kumtazama. Wote vilevile. Mmoja akaegemea ukuta kwa mshangao, sasa krimu yangu ina kiganja.

Zakaria akasema kwake kuna kanzu safi. Wakaenda wote. Wakavaa kanzu zake, wakakaa kwenye wenge yake, wakamaliza mazungumzo mbele ya saruji yake. Mimi nilikaa jikoni na aibu yangu. Nililia, kidogo. Jioni Khadija akaniletea liboke ya samaki, bado imefungwa kwenye majani yake. Akasema wamekubaliana, arusi ni tarehe 3 Januari, kwa Zakaria. Akasema pia amemwomba Dada Binti jambo moja, na amekubaliwa: siku hiyo atatokea mlangoni kwangu kwenda arusini, nikiwa nimemshika mkono. "Papa mukubwa ni weye," akasema.

Jumapili, 16 Novemba
Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa krimu. Ukuta wa kahawia usingeonyesha kiganja. Na kanzu nyeupe haziendani na mbao nyeusi, mtu angewaambia mapema. Djamila anataka viti visuguliwe kwa sabuni na kuta ziwe kijani. Nimekataa.

Jambo kubwa sasa ni mlango. Khadija atavaa gauni jeupe, refu, pana, na mlango wangu ni mwembamba, wa limba. Nyeupe mbele ya nyeupe! Hataonekana. Anastahili mlango mweusi. Jephté atasema tena miezi miwili, lakini yule huzidisha. Kesho asubuhi nampelekea kidumu akijaze.