Mchango wa Kuchunguza Miti ya Mkurugenzi

Ilitangazwa kwa umma wote wa Mutomo na viunga vyake kwamba mabadiliko ya tabianchi yamepatikana yakiua miti ya serikali, na kwamba sasa yatachunguzwa kisayansi kwa hisani ya wananchi wenyewe.

Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi Kimeu wa Kurugenzi ya Ustawi wa Miti, mtu wa suti hata jua likichoma mawe. Moyoni hakuwa na amani. Miti yote ya mikau aliyoipanda kando ya barabara ya soko mbele ya kamera, kila mmoja na kibao chenye jina lake, ilikuwa imekauka kama ufagio. Wakubwa wake walitaka sababu, tena upesi, la sivyo kiti chake kingepata makalio mengine. Sababu alikuwa nayo: jua. Alichokosa ni mwanasayansi wa kuithibitisha, na bajeti ilikuwa imemalizwa na vibao.

Ndipo ukaitwa mchango. Watu walichanga kwa simu, wengine wakaleta kuku, kwa maana mkau ndio mbao na karo yao, na walitaka kujua kama bado kuna haja ya kuupanda mvua zikiendelea kupotea hivi. Kanyiva, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alileta beberu kwa sharti kwamba majibu yasomwe sokoni, si ofisini. Mkurugenzi alikubali papo hapo. Alipenda sana hadhara.

Daktari Wamucii, mtafiti wa miti, alipima mikau ya wakulima na ya Mkurugenzi msimu mzima. Siku ya majibu alieleza kwamba joto limezidi, mvua zinachelewa, na mikau ya wakulima imeteseka, inapukutisha majani kabla ya wakati. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa huzuni rasmi, nusura apige makofi.

"Lakini hiyo ya wakulima iko hai," Wamucii aliendelea. Akainua mkau mmoja wa Mkurugenzi, aliokuwa ameung'oa kwa vidole viwili. Mizizi ilikuwa bado imefungwa ndani ya karatasi nyeusi ya plastiki, vile vile ulivyotoka kitaluni.

Mkurugenzi alifafanua, bila kupepesa macho, kwamba plastiki ile ni teknolojia ya kuhifadhi unyevu, na kwamba itifaki haimruhusu kiongozi kumvua mche nguo hadharani.

Kanyiva akasimama taratibu.

"Asante, mheshimiwa. Jua tumeelewa inafanyia miti nini. Sasa daktari atuangalilie wakubwa wanafanyia miti nini. Hiyo pia tutachanga."

Beseni likawekwa mezani. Hakuna aliyeinuka, maana mchango haufunguliwi na mtu mdogo wakati mgeni wa heshima yupo. Soko zima likamgeukia Mkurugenzi na kumngoja kwa adabu. Kamera alizozialika mwenyewe zikamgeukia pia.

Mkurugenzi akatia mkono mfukoni.