Mbweha Mwenye Filimbi

Jumapili ile pale kwenye baraza ya kahawa, Nguvumali, Sadalla Redio alikuwa keshatangaza habari kabla hajaketi. Gazeti lilikuwa kwapani, halijafunguliwa. Walimwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia.

"Mmesikia? Huko Misri wamefukua kaburi la Firauni mmoja. Wamekuta vijisanamu mia nne! Ati ni watumishi, vimlimie bwana wao huko ahera!"

"Mia nne?" Kristofa Matita, mkata mkonge, aliteremsha kikombe. "Kumbe mtu akifa bado ana shamba?"

"Na nyapara juu!"

"Lo! Basi miye bora nisife."

Uweso Wino akalipapasa daftari lake. Huyu alikuwa karani wa shamba analokatia Kristofa, na kwa miezi minane alikuwa akiandika hadithi ya Misri hiyohiyo. Kesho ilikuwa iende posta, kwa mpiga chapa Dar es Salaam. Ilikosa mwisho tu. Uzalendo ukamshinda, akalifungua akawasomea.

Watumishi wa Firauni wanakufa. Mioyo yao inapimwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya, na mpimaji ni mungu mwenye kichwa cha mbweha. Moyo ukizidi uzito, mwenyewe anarudishwa shambani maiti vilevile, sanda inaburuta, mpaka siku thelathini za kipande chake, kadi ya kazi, zitimie.

"Misukule!" Sadalla akapiga paja. "Mbona ipo hapahapa? Kuna bibi mmoja kule Maramba anayo saba, inamlimia!"

"Juzi ulisema mitatu," Kristofa alimkumbusha.

"Imezaana!"

"Maiti wanazaana?"

"Wa Maramba, wallahi, wanazaana. Soma, Uweso!"

"'Mbweha akatoka alfajiri na kofia ya kaki, filimbi shingoni, akaita majina. Aliyechelewa akakatwa siku.'"

Kristofa akamtazama karani kwa huruma.

"Uweso, Firauni alikuwa na kofia za kaki?"

"Ni hadithi tu, ndugu yangu."

"Na mbweha huyu anachechemea mguu wa kushoto?"

"Ukurasa wa pili."

"Basi umekwisha. Huyo ni mzee Noa Filimbi, umemwongezea mkia tu!"

Neno moja la Noa, nyapara mkuu, kwa mwenye shamba, na ukarani wa Uweso wa miaka sita ungeota mbawa. Alikuwa bado analifunga daftari, na Noa huyo anatokea, katoka kanisani, Biblia mkononi, anachechemea.

"Shikamoo, mzee Noa!"

"Marahaba. Mnasoma nini?"

"Hamna kitu, mzee," Uweso alisema.

"Kitabu cha maiti!" Redio akatangaza. "Kaandika mwenyewe!"

Noa akalitwaa daftari, akavaa miwani, akasoma midomo ikicheza. Uweso alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Huyu mwenye kichwa cha mbweha..." Noa akasema mwishowe.

"Mzee, niwie radhi, namfuta sasa hivi!"

"Umfute? Humu ndani ndiye peke yake mwenye adabu ya kazi!" Noa akamsogelea, akanong'ona. "Ila nimemtambua. Ni yule nyapara wa shamba la jirani, sivyo?"

"Ndiye, mzee! Ndiye hasa!"

Kristofa aliinamia kikombe chake mabega yakimtikisika.

"Sasa nambie," Noa akaendelea, "maiti hawa wanadai posho?"

"Hawali, mzee."

"Huugua?"

"Wakishakufa waugue nini tena?"

"Na nyongeza ya mshahara?"

"Hawasemi kabisa."

Noa akashusha pumzi. "Ningewapata mia tatu tu wa hivyo!"

Kristofa akasimama, akajipangusa mikono yake iliyochanjwachanjwa na miiba ya mkonge.

"Mzee Noa, hao unao. Wewe kesho alfajiri puliza filimbi tu, utatuona tunavyofufuka."

Noa alicheka mpaka miwani ikamponyoka. Alicheka peke yake. Uweso alikuwa keshatoa kalamu, anaandika mwisho wa hadithi yake.